Ndege tunazogawana: mwezi mmoja kwenye pwani ya Uingereza

Wasomaji wa kitabu hiki wamezoea kukuta humu habari za mahari, za matanga, za ngoma na za kutawazwa kwa wami. Safari hii tunaomba ruhusa tutoke kidogo kwetu Uvira, twende mbali, tuelezee desturi ya watu wengine: desturi ya kuangalia ndege. Si kuziwinda, si kuzifuga, si kuzifukuza kwenye mpunga. Kuziangalia tu, na kuandika. Anayetaka kucheka acheke, sababu hata sisi tulicheka siku ya kwanza.

Tulifika Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwisho wa mwezi wa tano 2018. Mdogo wetu anakaa kule tangu 2006, mwaka ambao mji ule ulipokea jamaa kadhaa za Wakongomani waliotoka kwenye makambi ya wakimbizi. Alikuwa anaoza binti yake wa kwanza, akasema hawezi kufanya ndoa bila mkubwa wake kuwapo. Habari za viza tunaziacha; kila mtu hapa anazijua.

Siku ya pili, jioni, tulitoka nje tukamuona mzee mmoja Mzungu kasimama mbele ya nyumba ya jirani, darubini shingoni, zile askari wetu wanaita jimeli, anaangalia paa la nyumba ya mdogo wetu. Akakaa vile pengine nusu saa. Tulidhani ni mtu wa serikali anayechunguza nyumba za wageni. Mdogo wetu akacheka sana.

"Yaya, usiogope. Huyo ni muzee wa ndege. Iko anahesabu."

Anahesabu nini? Tukaenda kumsalimia. Mzee akatuonyesha angani ndege nyeusi, mabawa marefu kama mundu, zinapita juu ya barabara kwa mbio zikipiga kelele kama watoto wanaotoka shuleni. Ghafla moja ikajitupa chini ya vigae vya paa, ikapotea. Wafaransa wanaiita martinet. Katika Kiswahili cha vitabu ni teleka. Hufanana na mbayuwayu lakini si jamaa moja. Teleka hula angani, hunywa angani, hulala angani. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Lund, kule Uswidi, walitangaza mwaka 2016 kwamba baadhi yake huweza kukaa miezi 10 bila kutua hata mara moja. Hutua tu kwa kutaga na kulea, ndani ya tundu la ukuta au la paa. Uzito wake ni kama gramu 40.

Mzee akasema, na furaha ilionekana usoni: "Zimerudi nyumbani."

Mdogo wetu, aliyekuwa nyuma yetu, akatafsiri neno lile kwa Kiswahili, kisha akaongeza la kwake: "Nyumbani wapi? Hizi ni za kwetu!"

Tulidhani ni mzaha. Lakini mzee alipoelezwa hakucheka, alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi. Alisema ni kweli. Tangu 2010 wachunguzi wa nchi yake walifunga kwenye migongo ya teleka kadhaa kifaa kidogo, uzito kama gramu moja, chenye kuandika mwanga wa kila siku. Ndege ziliporudi mwaka uliofuata na vifaa vikasomwa, ikaonekana kwamba wakati wa baridi ya Ulaya zinakaa sehemu kubwa ya miezi juu ya misitu ya bonde la Kongo. Kwao Uingereza zinafika mwanzo wa mwezi wa tano, na mwanzo wa mwezi wa nane karibu zote zimekwisha kwenda. Miezi mitatu. Hesabu wewe mwenyewe iliyobaki.

Kwa hiyo mtu kutoka Kongo alikuwa amesafiri siku mbili kwa ndege ya chuma ili aonyeshwe na Mwingereza ndege ya Kongo. Usiku ule hatukulala mapema. Pia giza lenyewe halikutaka kuingia: mwezi wa sita kule jua linazama saa tatu ya usiku na zaidi, na saa kumi na nusu limekwisha kutoka tena.

Baada ya ndoa (ilikwenda vizuri, na wali ulitosha), mzee akatualika twende naye pwani, kijiji kinachoitwa Cley. Huko kuna kinu cha upepo cha zamani, nyumba za mawe, kisha mashamba ya matete, kisha tuta refu la changarawe, nyuma yake bahari ya Kaskazini, baridi hata katika mwezi wa sita. Wenye kukaa kando ya ziwa kama sisi tutaelewa haraka maisha ya pale. Maji ndiyo jirani, na jirani huyo hana adabu. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivunja tuta ikaingia ndani, na Uingereza peke yake walikufa watu 307. Mzee alikuwa mtoto wakati ule. Alituonyesha kwenye ukuta wa nyumba moja alama ya mahali maji yalifika. Wakati huo tulimsikiliza kwa heshima tu. Tumeikumbuka ile alama vizuri zaidi mwezi wa nne 2020, Mulongwe ilipofurika hapa Uvira na nyumba zikachukuliwa, na ziwa lenyewe likapanda mpaka kwenye barabara. Sisi hatukuchora alama yoyote ukutani.

Mashamba ya matete ya Cley yalinunuliwa mwaka 1926 na watu wa kawaida waliojiunga kuwa chama, ili yabaki kwa ndege milele. Vyama vya namna hiyo vimejaa nchi ile sasa, na kile cha Norfolk ndicho kilikuwa cha kwanza. Katikati ya matete wamejenga vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba kama ya kanisa la zamani. Unaingia, unakaa kwenye benchi, unanyamaza. Ndiyo sheria: kunyamaza. Wapo wazee, wapo vijana, yupo mama na mtoto wake mchanga, kila mmoja na daftari. Mtu akiona kitu ananong'ona, wote wanageuza darubini upande mmoja. Tulisema kimoyomoyo: hii ni misa.

Na tukaona mambo. Kipanga wa kinamasi akipita polepole juu ya matete, akimpa jike wake chakula hewani, mmoja akiachilia, mwingine akidaka huku kajigeuza tumbo juu. Tukasikia sauti nzito kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Mzee akatubana mkono kwa furaha. Ni ndege wa jamii ya yangeyange anayejificha ndani ya matete, ambaye Wafaransa wanamwita butor. Mwaka 1997 madume yaliyosikika katika nchi nzima yalikuwa 11 tu. Wakapanda matete mapya, wakachimba mifereji, leo yanapita 200. Walijuaje kwamba ni 11? Sababu watu walikuwa wameketi, wamesikiliza, wameandika.

Pia tukaona avoseti, ndege nyeupe na nyeusi yenye miguu mirefu na mdomo mwembamba uliopindika kwenda juu, kama sindano ya kushona magunia. Habari yake ilitugusa kuliko zote. Ilikuwa imepotea Uingereza karibu miaka 100, iliwindwa, mayai yake yaliliwa. Mwaka 1940, kwa kuogopa Wajerumani wasishuke pwani, Waingereza walifungulia maji yakafunika malisho ya ng'ombe kule Minsmere, katika jimbo la Suffolk. Kisiwani Havergate, si mbali na pale, kombora la mazoezi lilikosea njia likavunja mlango wa maji, na kisiwa kikafurika. Vita vilipokwisha, 1947, avoseti zikaonekana zimerudi mahali pote pawili, zinataga. Leo ni alama ya chama kikubwa cha ndege cha Uingereza, chenye wanachama zaidi ya milioni moja. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1889 na wanawake, waliochukizwa na wenzao kuvaa kofia zenye manyoya ya yangeyange. Wanaume waliingia nyuma.

Vita kurudisha ndege! Sisi tuliosomesha chini ya milio ya risasi tulishindwa kusema neno. Kwetu vita vilifukuza watu kwenda msituni, na watu wenye njaa msituni hawaachi ndege yoyote. Hatusemi kwamba Wazungu ni wema na sisi wabaya. Wao pia walikula mayai ya avoseti walipokuwa na njaa.

Sasa tufike kwenye aibu yetu, sababu ndiyo iliyotufanya tuandike.

Karibu na kibanda cha tatu kulikuwa na mbayuwayu wanaojenga chini ya dari, zile zenye mkia wa panda na koo jekundu. Wanaingia na kutoka kwenye dirisha juu ya vichwa vyetu, vinywa vimejaa wadudu. Mzee akatuuliza, kwa adabu nzuri: "Na ninyi kwa lugha yenu mnaiitaje?"

Tukajibu: mbayuwayu. Akaandika kwenye daftari lake. Akauliza tena: "Hicho ni Kiswahili. Lakini lugha ya mama yako?"

Ndugu zangu, tulijua jina la ndege ile kwa Kifaransa, hirondelle. Tulilijua kwa Kiingereza, na tunalifundisha. Tulilijua hata kwa Kirundi, intamba, na hilo juu ya mpira tu, kwani timu ya taifa ya Burundi inaitwa Intamba mu Rugamba, mbayuwayu vitani, na kila mtoto wa Uvira amesikia redio ya ng'ambo ikiitangaza. Kwa lugha tuliyonyonya, hapana. Hakuna kitu. Na diploma yetu ya ISP, kama yupo asiyejua, ni ya Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika. Imeandikwa hivyo, na muhuri upo.

Mzee aliona, akageuza mazungumzo. Alifanya vizuri, lakini tulibaki na jiwe rohoni.

Jioni tukampigia simu mjomba wetu kijijini. Mtandao ulikuwa unakatika. Tukamweleza: mujomba, ile ndege ndogo inayokuja wakati wa mvua, mkia panda, inaruka chini-chini juu ya majani.

"Mbayuwayu."

"Tunajua mujomba, lakini kwa lugha yetu."

Kimya. Tulidhani simu imekatika. Kisha akasema: "Wee mwipwa, hilo neno lilikuwa kwa ulimi wa babu yako. Mimi nilikuwa nalisikia. Akiziona zinakuja mingi, alikuwa anasema watu wapeleke jembe kwa muhunzi. Lakini neno lenyewe... Mbona unauliza sasa? Uko Bulaya na unauliza ndege?"

Ndiyo, mjomba, tuko Bulaya na tunauliza ndege.

Siku nyingine tulipanda mtumbwi wa injini kutoka Morston kwenda ncha ya mchanga inayoitwa Blakeney Point. Unangoja maji ya bahari yajae ndipo unaweza kutoka. Pale mamia ya sili wamelala juu ya mchanga kama magunia ya mihogo. Lakini tulikuja kwa ajili ya buabua, ndege nyeupe zenye kofia nyeusi zinazotaga juu ya changarawe tupu, bila nyumba yoyote. Moja yake, ile ndogo kabisa, haifiki hata gramu 60, na wakati wa baridi inakwenda pwani za Afrika Magharibi. Walinzi wamezungusha kamba tu na vibao, na watu mamia wanasimama nyuma ya kamba. Kamba! Hakuna askari, hakuna ukuta. Mtoto mmoja alivuka mguu mmoja, bibi yake akamvuta. Tulifikiria kamba kama ile pale kwetu ingekaa usiku ngapi kabla haijafunga mbuzi wa mtu. Tunasema kweli, na tunajicheka wenyewe.

Ndipo mzee alipotuambia habari za kekeo, ambayo Wafaransa wanaiita coucou, ile ndege isiyojenga, inayotaga ndani ya nyumba ya ndege nyingine na kuacha mtoto wake alelewe na wageni. Tulikuwa tumeisikia kwa mbali kule Cley, ikijitaja jina. Mwaka 2011 wachunguzi walifunga vifaa vinavyoongea na setilaiti kwenye madume matano ya mashariki ya Uingereza. Mpaka wakati huo karibu hawakujua zinakwenda wapi. Vifaa vikawaonyesha njia: kupitia Hispania au kupitia Italia, kuvuka Sahara, mpaka bonde la Kongo. Baadaye, 2016, walichapisha kwamba zinazopitia Hispania zinakufa mingi zaidi kuliko za Italia, ingawa njia yake ni fupi. Mbili kati ya zile tano zilirudi Uingereza 2012. Moja, waliyoipa jina la Chris, ilikwenda na kurudi mara nne, mpaka 2015 ilipopotea.

Na madume ya kekeo yanaanza kuondoka Uingereza mwezi wa sita, wakati majira ya joto ndiyo kwanza yanafunguka. Yanakaa kule wiki chache tu. Mzee alijua yote hayo, lakini bado alisema "ndege zetu". Tulimuuliza mbona hivyo. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba ni zake sababu anazingoja. Mwaka ambao hazitakuja, yeye atajua siku ileile. Kwa teleka alikwisha kujua: tangu 1995 zimepungua zaidi ya nusu katika nchi yake, na 2021 ziliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege zilizo hatarini. Sisi, zikiacha kuja juu ya msitu wetu, nani atajua? Tarehe gani?

Baadhi ya wenzetu walimu, tulipowaeleza haya baada ya kurudi, walisema: ni kazi ya watu walioshiba. Mwalimu anayengoja mshahara hawezi kuhesabu ndege. Tulikubali nusu. Lakini tukafikiria watoto wa bonde la Ruzizi, kule Luberizi na Sange, wanaokaa siku nzima kwenye mpunga na makopo na kombeo wakifukuza ndege. Hakuna Mwingereza mwenye darubini anayekaa saa nyingi vile. Kuangalia ndege ni kazi yetu pia tangu zamani. Tofauti ni kwamba mtoto yule anaingia shuleni akiambiwa anayoyajua si elimu. Na anayemwambia ni sisi.

Mzee alitupa darubini yake ya zamani tulipoagana, na daftari tupu. Mwezi wa kumi, baada ya mvua za kwanza, tulipeleka darubini darasani, humanités ya tatu. Tukatoka nje. Mbayuwayu zilikuwa juu ya uwanja wa mpira, mingi. Tuliwaonyesha namna ya kutenganisha: yenye mkanda mweusi mpana chini ya koo jekundu na tumbo jeupe ni mgeni kutoka Ulaya, ile ambayo wekundu unashuka mpaka kifuani na tumbo ni la kijivu ni ya hapa, vitabu vinaiita mbayuwayu wa Angola. Walipigania darubini kama mkate.

Kisha tukauliza swali la mzee. Madarasa ya nyuma hunyamaza kila tunapouliza neno, lakini kijana mmoja wa benchi la mwisho, ambaye katika Kiingereza hajawahi kupata zaidi ya 8 kwa 20, akainuka. Amekulia kwenye mpunga. Akataja jina la mbayuwayu kwa Kifuliiru. Kisha la kipanga. Kisha la yangeyange, na la nyingine tusizozijua kwa lugha yoyote, mpaka 14, tukiandika kwa haraka. Alipofika hapo msichana mmoja Muvira akampinga: jina la kwanza si hilo, hilo ni la teleka, bibi yake anasema vingine. Wakabishana. Darasa likagawanyika vipande viwili, préfet akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Kengele ikalia hawajakubaliana. Tuliandika majina yote mawili. Hatuyachapishi hapa kwa kuwa ubishi bado unaendelea. Daftari liko kwenye ofisi ya chama, na bibi wa yule msichana ameahidi kuja kulisomewa.